Madhabahu Si Jela

Kila maaskofu Katoliki wanapotoa waraka unaomgusa mwenye madaraka, hazipiti siku mbili kabla ya sentensi ile ile kujitokeza: viongozi wa dini wasichanganye dini na siasa. Waziri ataisema akizindua kisima. Mkuu wa wilaya ataisema msibani, mbele ya jeneza, kwa kipaza sauti alichopokea kwa katekista. Mwanasafu ataiandika kana kwamba ni ibara ya Katiba. Wala haiishii huko. Mkatoliki aliyetoka misa ya kwanza, sadaka ameshatoa na zaka ameshalipa, ataitikia kwa kichwa: kweli bwana, mimi kanisani nafuata sala, siasa nitaikuta redioni.

Imerudiwa hadi imevikwa heshima ya hekima. Mimi nasema haina hekima, na wanaoisema hawaiamini. Wangeiamini wangeitumia pande zote mbili.

Turudi mwaka 1967. Februari 5 TANU ilitangaza Azimio la Arusha. Wiki saba baadaye, Machi 26, Papa Paulo VI akatoa waraka juu ya maendeleo ya watu, Populorum Progressio, akifundisha kwamba haki ya kumiliki mali si haki isiyo na mpaka wakati wengine wanakosa cha lazima. Mwaka 1968 maaskofu wa Tanzania nao wakatoa waraka wao kuhusu Kanisa na jamii inayoendelea, wakaukubali mwelekeo wa Azimio. Hiyo ilikuwa siasa, tena siasa ya mashamba, mabenki na viwanda. Sijapata kusoma popote kwamba kiongozi wa chama alisimama kuwaambia warudi madhabahuni.

Au tuje karibu. Mwaka 2022, sensa ilipokuwa inakaribia, viongozi wa dini waliombwa wawahimize waumini wao wajitokeze kuhesabiwa. Wakahimiza, nami naona walifanya vizuri. Lakini sensa ni nini kama si shughuli ya serikali, yenye bajeti, majimbo na mgawanyo wa rasilimali ndani yake? Padri akitangaza sensa ni mzalendo. Akisoma waraka wa bandari mwaka unaofuata, kutoka kwenye mimbari ile ile, na mbele ya watu wale wale, ni mwanasiasa aliyevaa kanzu. Marufuku hii, basi, ni kufuli lenye ufunguo mmoja, na ufunguo uko mfukoni mwa anayetawala.

Sakata la bandari lenyewe linastahili kutazamwa kwa utulivu, maana ndilo linalotajwa zaidi kama ushahidi kwamba maaskofu walivuka mipaka. Mkataba wa serikali ya Tanzania na Dubai ulisainiwa Oktoba 25, 2022, na Bunge likauridhia Juni 10, 2023. Agosti 18 Baraza la Maaskofu, TEC, likatoa tamko la kuupinga, na Jumapili iliyofuata likasomwa makanisani. Ukilisoma leo, vumbi likiwa limetulia, unakuta hoja za raia: wananchi wengi hawautaki mkataba, hawajasikilizwa, na mgeni anapewa nguvu kubwa mno juu ya njia kuu ya uchumi wa nchi. Unaweza kuzikubali au kuzikataa hoja hizo. Wapo wachumi waliozikataa kwa sababu nzito, wakionyesha jinsi meli zilivyokuwa zikisubiri na jinsi ufanisi wa bandari ulivyokuwa unaigharimu nchi. Hayo ndiyo majibu. “Rudini madhabahuni” halimo kati ya majibu.

Moja ya malalamiko makubwa ya majira yale, kwa wanasheria na wananchi wa kawaida, lilikuwa kwamba mkataba haukuwa na ukomo unaoeleweka. Oktoba 22, 2023, pale Chamwino, mikataba ya uendeshaji ikasainiwa: gati namba 4 hadi 7 za bandari ya Dar es Salaam, kwa miaka 30. Sidai kwamba maaskofu ndio walioileta hiyo miaka 30. Wengi walipiga kelele, na baadhi yao walilala mahabusu kwa ajili ya kelele hizo. Ninachodai ni kwamba nchi iliyosikia kelele kabla ya kusaini mikataba ya mwisho haikupata hasara kwa kuzisikia.

Hapo ndipo mtetezi wa ukimya hutoa karata yake kubwa. Atasema kwa sauti ya chini, akiangalia huku na huku: lakini si unajua kwa nini walimwandama? Rais ni Mwislamu, tena Mzanzibari. Angekuwa mwenzao wangenyamaza.

Karata hiyo inahitaji msikilizaji mwenye kumbukumbu fupi. John Magufuli alikuwa Mkatoliki asiyejificha. Alikuwa akihudhuria misa na kuwahutubia waumini ndani ya kanisa, na Machi 22, 2020, akiwa kanisani Dodoma, ndipo alipoieleza nchi msimamo wake kuhusu corona: nyumba za ibada hazitafungwa, na ugonjwa huo, ambao aliufananisha na shetani, hauwezi kukaa katika mwili wa Kristo. Sera ya afya ya taifa ilitangazwa kanisani, na mkuu wa nchi. Sikumsikia mlinzi yeyote wa mpaka kati ya dini na siasa akimwambia arudi Ikulu.

Na huyo Mkatoliki mwenzao walimfanyaje? Ujumbe wa Kwaresima wa mwaka 2018 uliotolewa na TEC ulilalamikia kuminywa kwa shughuli halali za siasa na kufungiwa kwa vyombo vya habari. Walutheri wa KKKT nao wakatoa waraka wa Pasaka wenye maneno yanayofanana na hayo, na ikatokea barua kutoka Wizara ya Mambo ya Ndani ya kutaka waraka ufutwe, barua ambayo waziri baadaye aliikana. Askofu Severine Niwemugizi wa Rulenge-Ngara, baada ya kusema hadharani kwamba nchi inahitaji Katiba mpya, alijikuta akihojiwa na Uhamiaji kama kweli ni raia wa Tanzania. Yote hayo yalitokea chini ya rais aliyepokea komunyo mkononi mwa maaskofu hao hao.

Kisha ikaja corona ya pili. Mwanzoni mwa mwaka 2021 msimamo wa serikali ulikuwa kwamba Tanzania haina ugonjwa huo. Takwimu hazikuwa zimetolewa tangu Mei 2020, watu walikuwa wakijifukiza, na misiba ilikuwa ikitangazwa kwa lugha ya “changamoto ya kupumua”. Mwishoni mwa Januari, Rais wa TEC, Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga, aliwaandikia Wakatoliki kuwaonya kwamba wimbi jipya lipo na wajikinge. Mwanzoni mwa Machi katibu wa Baraza, Padri Charles Kitima, akaeleza kwamba katika muda wa miezi miwili walikuwa wamewazika mapadri zaidi ya 25 na masista 60.

Namba hizo mbili zilikuwa kati ya takwimu chache za vifo ambazo Mtanzania alizipata kutoka kwenye taasisi yoyote ya nchi yake katika kipindi kile. Zilitoka kwenye daftari la mazishi la Kanisa. Je, kutaja idadi ya marehemu wako ni siasa? Katika nchi ambayo serikali imesema hakuna anayekufa, ndiyo, ni siasa, na wala huwezi kuikwepa, maana hata ukikaa kimya umesema jambo: umesema sista yule alikufa kwa kitu kingine. Aliyewataka maaskofu wasichanganye dini na siasa mwezi ule alikuwa anawaomba waseme uongo juu ya makaburi yao wenyewe.

Padri Kitima aliendelea kusema, na chini ya utawala uliofuata akasema zaidi. Usiku wa Aprili 30, 2025 alishambuliwa na kupigwa kichwani karibu na msala, ndani ya makao ya TEC, Kurasini. Nani alimtuma mshambuliaji ni kazi ya mahakama, si yangu. Lakini nimeona kwamba padri asiyemkera mtu anaingia na kutoka msalani bila kuangalia nyuma.

Nihame kidogo kwenye matukio niende kwenye imani yenyewe, kwa sababu mjadala wetu una kasoro hii: wanaoamua Ukatoliki uishie wapi ni watu ambao hawajawahi kuuliza unaanzia wapi.

Mafundisho jamii ya Kanisa si wazo la mapadri wachache waliochoshwa na CCM. Waraka unaohesabiwa kuwa mwanzo wake, Rerum Novarum, uliandikwa na Papa Leo XIII mwaka 1891, kuhusu mishahara ya wafanyakazi wa viwandani, haki yao ya kuunda vyama na wajibu wa dola kumlinda mnyonge. Mwaka huo wamisionari wengi wa huku kwetu walikuwa bado wanajifunza lugha za wenyeji. Papa wa sasa, Leo XIV, alieleza alipochaguliwa mwaka 2025 kwamba jina lake linamkumbuka huyo wa 1891. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulisema mambo mawili kwa pamoja, na wanaonukuu hupenda kubeba moja na kuacha la pili: kwamba Kanisa halifungamani na mfumo wowote wa siasa, na kwamba lina haki ya kutoa hukumu ya kimaadili hata juu ya mambo ya siasa pale haki za msingi za binadamu zinapoguswa.

Sheria ya Kanisa nayo imechora mstari wake, na ni mkali kuliko ule wa mawaziri. Kanuni ya 285 inamkataza padri kushika cheo cha serikali chenye mamlaka ya kutawala, na ya 287 inamkataza kujishughulisha kikamilifu na vyama vya siasa. Ndiyo maana Dk. Wilbrod Slaa, aliyepata kuwa padri na katibu mkuu wa TEC, alipoingia bungeni kwa jimbo la Karatu mwaka 1995 hakuwa tena padri wa kuhudumu altareni. Mpaka uko hapo: usigombee, usikamate kadi, usiwaambie waumini wachague nani. Lakini hakuna mahali katika sheria hiyo palipoandikwa kwamba padri asiseme mtu amepotea, au shamba limeporwa, au kura imeibwa. Kanisa limetenga cheo cha siasa na neno juu ya siasa. Tunaolaumu tumeviunganisha viwili hivyo, kisha tunamlaumu askofu kwa kuchanganya.

Katiba yetu nayo inasingiziwa. Ibara ya 19 inaweka shughuli za jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Imeandikwa kumlinda muumini dhidi ya dola inayotaka kuendesha sinagogi, msikiti na kanisa. Ibara inayotangulia, ya 18, inampa kila mtu uhuru wa maoni, na sijaona ndani yake maneno “isipokuwa aliyevaa kola nyeupe”.

Wengine hudhani kwamba imani ikigusa siasa lazima iitumikie taasisi ya Kanisa. Mfano unaowavunja moyo uko hapa hapa. Julius Nyerere alikuwa mwalimu wa shule za Kikatoliki, St. Mary's Tabora na baadaye St. Francis Pugu, na mtu wa misa hadi mwisho wa uhai wake. Dola aliyoiongoza ikataifisha shule za misheni, Pugu ikiwamo. Oktoba 1970 alikwenda New York kuwahutubia masista wa Maryknoll, akawaambia bila kupepesa macho kwamba Kanisa lisiposimama na maskini dhidi ya mifumo inayowafanya maskini, litahesabiwa upande wa dhuluma, na litastahili kufa. Hapo kuna Mkatoliki ambaye imani yake ilimfanya adai zaidi kwa Kanisa lake na ayatwae majengo yake. Unaweza kusema alikosea kuyatwaa. Mimi mwenyewe nikiangalia hali ya baadhi ya shule zile miaka ya themanini nashawishika. Ila huwezi kusema alikuwa wakala wa maaskofu.

Na mafundisho hayo hayana chama cha kuyabeba yote. Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa anaionyesha hali hiyo kuliko mtu yeyote ninayemjua. Desemba 2023 Roma ilipotoa hati ya Fiducia Supplicans, iliyoruhusu aina fulani ya baraka kwa watu wa jinsia moja wanaoishi pamoja, ni yeye aliyetia saini, Januari 2024, kwenye tamko la maaskofu wa Afrika la kusema baraka hizo hazitatolewa huku. Magazeti ya Ulaya yakamwandika kuwa kinara wa wahafidhina. Miezi mitatu baadaye, Aprili 2024, mwendesha mashtaka wa ngazi ya juu nchini mwake aliagiza achunguzwe kwa maneno ya uchochezi, kwa sababu alikuwa akiikosoa serikali kuhusu vita na mateso ya watu wa mashariki ya Kongo. Kwa Paris ni mtu wa nyuma, kwa Kinshasa ni mwasi. Yeye mwenyewe, nadhani, alikuwa ni Mkatoliki tu siku zote mbili.

Muulize sasa Mkatoliki wa kawaida wa parokia ya mjini. Kuhusu utoaji mimba atakujibu sawasawa na Katekisimu. Muulize kuhusu adhabu ya kifo, ambayo Papa Fransisko aliibadilishia maneno kwenye Katekisimu mwaka 2018, ikasemwa haikubaliki kabisa: wengi watakwambia muuaji anyongwe, tena mapema. Muulize kuhusu mkimbizi, au kuhusu kibaka anayechomwa kwa tairi mtaani. Hapa nina ugomvi na wenzangu ndani ya nyumba. Tunao mapadri wanaoweza kuhubiri dakika 40 juu ya mavazi ya mabinti na wasipate dakika mbili za mwananchi aliyechukuliwa na gari lisilo na namba. Hiyo nayo ni kuchagua siasa. Wamechagua ile isiyo na gharama, na hao ndio ambao serikali huwasifu kwamba “wanahubiri amani”.

Amani hiyo ya kimya ilikuwa na nyumba yake, na nyumba hiyo iliitwa Rwanda. Kama kuna nchi katika ukanda wetu ambako askofu hakuwa msumbufu kwa mtawala, ni Rwanda ya Juvénal Habyarimana. Askofu Mkuu wa Kigali, Vincent Nsengiyumva, alikaa kwa miaka mingi katika kamati kuu ya chama tawala, MRND, mpaka Roma ilipomtaka atoke. Huo ndio mchanganyiko halisi wa dini na siasa, wa kiti na kadi, lakini wakuu wa nchi hawakuulalamikia, kwa kuwa ulikuwa upande wao. Kule Kabgayi, Askofu Thaddée Nsengiyumva, mwenye jina moja naye, aliandika mwaka 1991 kulikosoa Kanisa lenyewe kwa kulegea mbele ya ukabila na dola. Sauti hiyo ilichelewa. Mwaka 1994 watu walikimbilia makanisani, Ntarama, Nyamata, Nyarubuye, kwa sababu katika machafuko ya miaka ya nyuma kanisa lilikuwa mahali pa kupona, na mara hii wakauawa humo. Kanisa la Nyange lilibomolewa kwa buldoza watu wakiwa ndani. Paroko wake, Athanase Seromba, alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha, mwaka 2008. Maaskofu wote wawili, yule wa kamati kuu na yule wa waraka, waliuawa siku moja mwezi Juni 1994, mikononi mwa askari wa waasi wa RPF. Machi 2017 Papa Fransisko alimwomba Mungu msamaha mbele ya Rais Kagame kwa dhambi za Kanisa na za watu wake.

Wapo watakaosema mauaji ya Rwanda yalikuwa na mizizi mingi, ya kikoloni, ya ardhi, ya vita. Nakubali. Nami sisemi kwamba waraka mmoja zaidi ungezuia mapanga. Nasema kwamba nchi iliyokuwa na Wakatoliki wengi kuliko madhehebu mengine yote haikukosa sala, haikukosa misa, haikukosa maaskofu waliokaa vizuri na serikali. Ilikosa mazoea ya askofu kumkatalia rais, na waumini kuona kwamba jambo hilo linawezekana bila mbingu kuanguka.

Ng'ambo ya ziwa, Kongo ilikuwa na mazoea hayo. Desemba 31, 2016 maaskofu walisimamia makubaliano ya kumtaka Joseph Kabila aitishe uchaguzi na asigombee tena. Mwaka mmoja kamili baadaye, makubaliano yakipuuzwa, walei wa Kinshasa waliandamana wakitoka misani na rozari mkononi, wakapigwa risasi. Uchaguzi ulipofanyika Desemba 2018, Kanisa lilikuwa na waangalizi wapatao 40,000 vituoni, na matokeo yalipotangazwa maaskofu wakasema hayalingani na waliyoyakusanya. Aliyetangazwa mshindi aliapishwa hata hivyo. Kongo haikuwa paradiso kwa sababu ya maaskofu wake, na vita vya mashariki havijaisha. Lakini Mkongo anajua alichopiga kura, na anajua kwamba kuna mtu alihesabu.

Sasa nitoe haki kwa upande wa pili, maana wana hoja moja iliyo hai. Askofu ana kundi linalomsikiliza kila Jumapili bila kumuuliza maswali. Waziri anapambana na mbunge wa upinzani, mwandishi na mpiga kura; mhubiri hukatizwa na nani? Kwa hiyo askofu akikosea, anakosea kwa sauti kubwa. Na hukosea. Maaskofu wa Kenya mwaka 2014 waliishambulia chanjo ya pepopunda wakidai ina homoni ya kuwazuia wanawake kuzaa. Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakakanusha. Naamini maaskofu walikosea, na makosa ya namna hiyo yana hatari kwa mama mjamzito wa kijijini ambaye hana wa kumuuliza isipokuwa katekista wake.

Lakini tazama kilichotokea walipojibiwa. Hakuna aliyezuia pasipoti zao. Wataalamu walileta vipimo, wizara ikatoa maelezo, wanawake wakaamua. Tazama pia kura ya maoni ya Katiba ya Kenya, Agosti 4, 2010. Maaskofu Katoliki, pamoja na makanisa mengine mengi, walisema Hapana, kwa sababu ya kifungu cha utoaji mimba na cha mahakama za Kadhi. Wakenya asilimia 67 wakasema Ndiyo, na ni vigumu hesabu hiyo kutimia bila Wakatoliki wengi kuweka alama upande ambao paroko wao hakuutaka. Wakarudi kazini, na Jumapili wakarudi misani. Mkatoliki ana dhamiri, na Kanisa lenyewe ndilo lililomfundisha kwamba anayo. Wanaohofia kwamba waraka mmoja utawaburuza waumini kama kondoo hawajakaa kwenye jumuiya ndogondogo Jumamosi asubuhi, ambako baada ya somo la Injili watu hubishana juu ya mahubiri ya paroko, ada ya shule na mjumbe wa mtaa, vyote katika dakika zile zile.

Hofu ya Waislamu wenzetu ni jambo jingine, na sitaifagia chini ya mkeka kwa kusema ni chuki. Wao huuliza swali gumu: mbona Kanisa linalokosoa dola limekumbatiana nayo kwenye hospitali? Mwaka 1992 serikali na makanisa walitia saini makubaliano ya huduma za jamii, na hospitali kadhaa za misheni zimekuwa hospitali teule za wilaya, na fedha za umma zimekuwa zikilipa watumishi wake. Mgonjwa wa dini yoyote anatibiwa humo, hilo ni kweli. Lakini Mwislamu ana haki ya kuuliza kwa nini makubaliano ni ya upande mmoja, na jibu halitoki kwa kumwambia ashukuru. Angalia basi jambo la ajabu: mahali ambapo dini na dola vimechanganyika kweli, kwenye mishahara na majengo, viongozi wetu hawajawahi kulalamika. Wanalalamikia maneno.

Ile miezi ya kuelekea uchaguzi wa 2010 ilinipa tumaini ambalo wengi hawakuliona. Wakatoliki walitoa mapendekezo ya vipaumbele vya taifa. Baadhi ya taasisi za Kiislamu nazo zikatoa mwongozo wao. Wakubwa wa chama tawala wakashtuka, wengine wakataka nyaraka ziondolewe. Za nini kuondolewa? Raia walikuwa na maandishi mawili mezani, wangeweza kuyasoma yote mawili. Mimi ningependa kuona la tatu, la Walutheri, na la nne, la wasio na dini.

Kinachonitia mashaka juu ya Kanisa langu hakiko kwenye nyaraka. Kiko kwenye bahasha. Askofu anayeandika Agosti ana paroko anayejenga ukumbi tangu Januari, na paroko huyo amealika mgeni rasmi. Mgeni rasmi amekuja na saruji, mabati na ahadi, amepewa kiti cha mbele na kipaza sauti baada ya komunyo, na tangu siku hiyo mahubiri ya paroko juu ya ufisadi yamekuwa ya jumla sana, yakiwataja mafarisayo wa zamani. Huyo hakuhitaji kutishwa na mtu. Wakenya walilitambua tatizo hili. Novemba 2024, siku chache baada ya maaskofu wao kuitaja serikali kwa utamaduni wa uongo, Rais William Ruto alihudhuria ibada katika parokia ya Soweto, Nairobi, akachangia shilingi 600,000 za kwaya na baraza la parokia na milioni 2 za nyumba ya mapadri. Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza zirudishwe. Wapo walioona ni kiburi. Mimi niliona kwamba kwa mara ya kwanza waraka na sanduku la sadaka vilikuwa vimesema neno moja.

Huku kwetu bado hatujafika hapo, na wanaotaka maaskofu wanyamaze wanalijua hilo kuliko tunavyodhani. Ubao wa matangazo upo nje ya kila kanisa, na juu yake huwa yanabandikwa majina ya wanaotarajia kufunga ndoa, kwa Jumapili tatu, ili mwenye pingamizi aseme. Tubandike na majina ya wanasiasa waliochangia parokia, kiasi walichotoa na tarehe, kwa Jumapili tatu hizo hizo, tuone nani atakuja na pingamizi.